Kumjibu mjuaji katika kundi la wafugaji wa samaki wa mapambo

Katika makundi ya wafugaji wa samaki wa mapambo hakosekani mjuaji anayemwambia mgeni, tena kwa kejeli, amwage maji yote ya tangi na kuosha sponji ya chujio kwa maji ya bomba. Ushauri huo unaweza kuua samaki, kwa kuwa klorini, dawa ya kuua vijidudu iliyomo katika maji ya bomba, huangamiza bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa nitriti na kisha nitrati, ambayo haina sumu kali. Usishindane naye, mwulize tu, kwa adabu, kipimo chake cha amonia kilisoma ngapi siku ya tatu baada ya usafi huo. (Mara nyingi hapo ndipo simu yake huisha chaji.) Kisha mgeukie mgeni mwenyewe, ambaye ndiye hasa mwenye shida, umweleze njia pamoja na sababu yake: abadilishe robo tu ya maji, asuuze sponji ndani ya ndoo yenye maji yaleyale aliyoyatoa tangini, na maji mapya ya bomba ayatie kwanza dawa ya kuondoa klorini. Mjuaji akirudi na matusi, mwachie msimamizi wa kundi.