Presha haipimwi kwa kujisikia

Mimi ni fundi cherehani, hapa Ngamiani, Tanga. Mwaka huu natimiza miaka 7 tangu niambiwe nina presha, na miwili ya mwanzo niliipoteza kwa kosa moja: nilimeza dawa siku nilizoumwa kichwa, nikaacha siku nilizojiona mzima. Siku niliyopimwa nikakutwa na 178 kwa 104 nilikuwa nimetoka kushona suruali tatu, sina kizunguzungu, sina hata uchovu. Hilo ndilo ninalotaka ulishike kabla ya yote. Mwili hautakuambia. Mashine ndiyo itakayokuambia, nayo inasema kweli ukiitumia inavyotakiwa.

Basi tuanze na kupima. Nusu saa kabla yake usinywe kahawa, usivute sigara, wala usiwe ndiyo kwanza umeshuka kwenye baiskeli. Nenda haja ndogo. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili zikanyage chini, usikunje nne, kisha tulia dakika 5 bila kuzungumza. Mkono uweke juu ya meza, usawa wa moyo. Mkanda wa mashine ufungwe kwenye ngozi ya mkono, si juu ya shati. Pima, ngoja dakika moja, pima tena, uandike zote mbili. Mimi hufanya hivyo asubuhi kabla ya kumeza dawa na jioni tena, siku 7 kabla ya kwenda kliniki, kwenye daftari lilelile ninaloandikia vipimo vya wateja. Kliniki wanahesabu presha kuwa juu kuanzia 140 kwa 90. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani ukifika 135 kwa 85 tayari ni juu.

Kwenye mkanda nisikilize kama fundi. Chukua futi ya kupimia nguo, zungushia mkono katikati ya bega na kiwiko. Mkanda unaokuja na mashine nyingi ni wa mkono wa sentimita 22 hadi 32; mkubwa wake hufika 42. Namba hizo zimeandikwa kwenye mkanda wenyewe. Mkanda mdogo ukiubana kwenye mkono mnene, mashine itakusomea presha kubwa kuliko uliyo nayo. Mke wangu mkono wake ni sentimita 36, na kwa miezi mingi tulikuwa tukimtisha bure kwa mkanda wangu. Mashine ikiwa ni ya kununua, chagua ya kufunga juu ya kiwiko, ile ya kifundo cha mkono inapotosha kwa urahisi.

Sasa dawa. Nilianzishiwa amlodipine, ikapandishwa hadi miligramu 10, nikavimba vifundo vya miguu hadi viatu vikawa havinikai. Nikataka kuacha. Nashukuru nilirudi kwa daktari kwanza, kwa sababu kuvimba huko ni jambo linalojulikana kwa dawa hiyo: alinipunguzia hadi 5, akaniongezea losartan ya 50. Uvimbe ukaisha na presha ikashuka zaidi. Jirani yangu naye enalapril ilimletea kikohozi kikavu cha usiku, akabadilishiwa. Kwa hiyo dawa ikikusumbua, peleka malalamiko kwa aliyekuandikia, lakini usijiachishe mwenyewe. Na mwanamke aliyeshika mimba au anayetafuta amwambie daktari siku hiyohiyo, maana losartan na enalapril humdhuru mtoto tumboni.

Meza saa ileile kila siku, ukifungamanisha na jambo usiloweza kulisahau. Mimi ni baada ya kupiga mswaki wa asubuhi. Ukisahau, meza ukikumbuka siku hiyohiyo; ukikumbuka kesho yake, endelea na ya kesho, usimeze mbili kufidia. Na usingoje vidonge vya mwisho ndipo utafute hela. Malipo ya nguo ya kwanza ya kila wiki huyaweka kando kwa ajili ya dawa, na nikibakiwa na vidonge 10 ndipo naenda duka la dawa.

Kuna jambo lililonila mwaka mzima bila kulijua, na nadhani linawala wengi wenye kazi kama yangu. Kuinama kwenye cherehani kunaumiza mgongo. Nilikuwa nikinunua diclofenac dukani, mbili asubuhi, mbili jioni, wiki nzima hadi nyingine. Dawa za presha namezea kwa saa, chumvi nimepunguza, na namba ya juu haishuki chini ya 155. Daktari alishasema tuongeze dawa ya tatu, ya kukojosha. Muuguzi mmoja pale kliniki ndiye aliyeniambia nimwage mezani kila ninachomeza, hata nisichokiona kuwa ni dawa. Alipoiona ile diclofenac akaisogeza pembeni kwa kidole. Diclofenac, ibuprofen na ndugu zao hufanya mwili ushike chumvi na maji, presha inapanda, na ukizichanganya na losartan pamoja na dawa ya kukojosha figo zinaumia. Niliacha. Kwa mgongo natumia paracetamol siku chache chache, nimeinua meza ya cherehani kwa matofali, na kila nikimaliza nguo moja nasimama. Baada ya wiki chache presha ilikuwa 138, bila ile dawa ya tatu. Tangu hapo nikienda kliniki nabeba mfuko wenye vyote: vidonge, dawa za mafua, hata unga wa mlonge. Mlonge na kitunguu saumu sivikatai, navila kama chakula, ila havishiki nafasi ya kidonge.

Upande wa chakula, kazi kubwa ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni chumvi ya vyote alivyokula kutwa. Nyumbani kwetu tuliifanya hivi: asubuhi mke wangu anapima chumvi ya siku kwenye kikombe kidogo, na anayepika hachoti kwingine. Kopo la chumvi limeondoka mezani. Kwa watu wa pwani mtihani ni papa na ng'onda, samaki wakavu wa chumvi. Sisi papa tunamlowesha usiku kucha, maji yanabadilishwa mara mbili, kisha mchuzi wake hautiwi chumvi kabisa, na hata hivyo tunamla kwa nadra. Vile vipande vya kuungia mchuzi vya dukani ni chumvi tupu, tumeviacha. Magadi kwenye maharage nayo yana sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi; tunalowesha maharage tangu usiku yakaiva bila magadi. Ladha tunaitafuta kwa ndimu, ukwaju, tangawizi na pilipili. Wiki tatu za kwanza chakula kilikuwa kama hakina mwenyewe, baadaye ulimi ukazoea, na sasa chipsi za barabarani naziona chungu kwa chumvi. Ongeza mchicha, maharage, ndizi na machungwa, isipokuwa kama una ugonjwa wa figo. Hapo uliza kwanza, kwa sababu potasiamu, madini yaliyomo kwenye vyakula hivyo, inaweza kukuzidi. Hiyo chumvi mbadala inayouzwa kwa wagonjwa wa presha nayo ina potasiamu, na sisi tunaotumia losartan hatupaswi kuigusa bila ruhusa.

Sigara acha. Pombe ukiweza acha, usipoweza punguza.

Mazoezi kwetu Tanga si ya kutafuta mbali, baiskeli ipo. Jioni naendesha hadi Raskazone na kurudi, siku tano kwa wiki, ili nipate zile dakika 150 zinazoshauriwa. Kiuno nakipima kwa futi yangu kila mwisho wa mwezi: kimetoka sentimita 104 hadi 96.

Ramadhani inataka maandalizi. Nenda kliniki kabla mwezi haujaandama, muulize daktari dawa ihamie futari au daku, hasa kama unatumia ya kukojosha, maana ukifunga nayo mchana unaweza kukaukiwa. Kumi la mwisho ndilo linalonipa hofu, kwa sababu nguo za Idi zinanikesha. Nimejifunza kukataa oda kuanzia tarehe 20. Wateja wamenuna, na wengine wamehama. Ila mwaka niliozikubali zote nilisahau dawa siku nne mfululizo.

Mwisho ni siku ya hatari. Ukipima ukakuta 180 kwa 120 au zaidi, kaa utulie dakika 5, pima tena. Ikibaki hapo, usijiongezee vidonge wala kuweka kidonge chini ya ulimi, kwa sababu presha ikianguka ghafla ubongo unakosa damu. Nenda ukaonwe siku hiyohiyo. Lakini kukiwa na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, macho kufifia, mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea upande mmoja, au maneno kukwama, usipime mara ya pili, ni hospitali sasa hivi, hata kama mashine inaonyesha namba ndogo. Dada yangu alipinda mdomo asubuhi. Tulimkanda mafuta, tukamsomea, tukasema upepo umempitia, tukamfikisha hospitali magharibi. Mkono wake wa kulia haukurudi.

Tangu siku ile namba ya kijana wa bajaji imeandikwa ukutani kwangu kwa chaki ya kukatia nguo, juu ya swichi ya taa, na kila mtu wa nyumbani anaijua, hata mjukuu wa miaka 8.