Jinsi ya kuona joto linavyobadili usumaku wa kampaundi za metali za mpito, kwa mizani ndogo na ndoo ya barafu

Kama kwenu kuna lile jiko la umeme la kupikia wali, lile la swichi ya kubonyeza chini, basi hii mada umeshaiona mara nyingi bila kujua. Wali ukiiva swichi inaruka yenyewe, tak, alafu ukijaribu kuibonyeza palepale inagoma kushika mpaka jiko lipoe kidogo. Watu wengi wanadhani swichi imechoka. Hapana. Pale katikati chini ya sufuria kuna kitufe chenye springi, ndani yake kuna sumaku ya kudumu na kipande cha feraiti, yani oksidi ya chuma iliyochanganywa na metali nyingine kama manganizi na zinki, na hiyo feraiti imepikwa kiwandani makusudi ili ikifika nyuzi 103 hivi za selsiasi iache kushikwa na sumaku. Maji yakiwemo kwenye sufuria joto halipiti 100, wali ukishayanywa yote joto linapanda, feraiti inalegea, sumaku inaachia, umeme unakata. Ikipoa inashika tena.

Hiyo nyuzi ambayo kitu kinapoteza usumaku wake inaitwa nukta ya Curie, kutokana na Pierre Curie aliyechapisha kazi yake kuhusu joto na usumaku mwaka 1895. Chuma yake ni 770, nikeli ni kama 358, kobalti inapita 1100.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Nimeandika kwa ajili ya mtu wa form five na six au mwaka wa kwanza chuo ambaye amekariri paramagnetiki na diamagnetiki kwenye daftari ila hajawahi kuiona kwa macho, maana maabara nyingi hazina kifaa cha kupimia. Inauma kuona mada nzuri hivi inabaki kuwa ya kukariri tu.

Kwanza hesabu elektroni za d (zile za obiti ya d ya ioni ya metali) ambazo hazina mwenza. Ioni ya zinki ina d kumi, zote zina wenza, kwa hiyo sumaku inaisukuma kidogo sana, hiyo ndio diamagnetiki. Ioni ya shaba kwenye mrututu (shaba salfeti) ina d tisa, inabaki moja pweke, kwa hiyo inavutwa na sumaku, hiyo ndio paramagnetiki. Ioni ya manganizi mbili chanya ina d tano na kwenye salfeti yake zote tano ziko pweke. Idadi hiyo iite n, alafu chukua n mara (n + 2), tafuta kipeuo chake cha pili, unapata momenti, yani ukubwa wa usumaku wa ioni moja, kwa kipimo kinachoitwa magnetoni za Bohr: 1.73 kwa elektroni moja, 2.83 kwa mbili, 3.87 kwa tatu, 4.90 kwa nne, 5.92 kwa tano. Hizi tano zishike kichwani kabisa.

Vifaa: mrututu na manganizi salfeti na zinki salfeti (maduka ya pembejeo au ya kemikali wanakuwa nazo), sumaku ndogo yenye nguvu ya neodimiamu, na mizani ya kupimia dhahabu. Inayosoma 0.01 ya gramu inatosha kuona nani anavutwa na nani hapana, ila kwa sehemu ya joto tafuta inayosoma 0.001, na hizo nyingi zinabeba gramu 20 au 50 tu kwa hiyo sumaku isiwe nzito. Mrututu ni sumu, vaa glavu, usitumie vyombo vya jikoni na usiweke kwenye friji ya chakula hata kama umefunga vizuri.

Weka kikombe chepesi cha plastiki juu ya mizani kikiwa kimepinduliwa, juu yake weka sumaku. Kikombe ni muhimu, bila hicho sumaku inasumbua vyuma vya ndani ya mizani na namba zinacheza hovyo. Alafu panga vitabu pande mbili, tandaza rula ya plastiki iwe kama daraja linalopita juu ya sumaku, lisiiguse, nafasi ya milimita mbili au tatu. Rudisha mizani kwenye sifuri. Sasa weka juu ya rula kichupa kidogo cha plastiki kilichojaa unga wa kampaundi, kimefungwa.

Mzigo wa kichupa haufiki kwenye mizani kwa sababu unabebwa na rula, kinachofika ni mvuto tu. Kampaundi ikivutwa na sumaku, na sumaku nayo inavutwa juu, mizani inasoma hasi. Mrututu utakupa sehemu chache za mia za gramu, zinki salfeti itaenda chanya kidogo mno au usione kitu, na manganizi salfeti ndio utashangaa, kwa kila gramu inavutwa zaidi ya mara kumi ya mrututu. Usisahau kupima kichupa kitupu kwanza ukitoe kwenye hesabu, maana plastiki yenyewe ni diamagnetiki. Pia kila kichupa kikae palepale, kwa urefu uleule, mvuto unabadilika haraka sana ukisogea hata milimita moja. Ukipuuza hilo namba zako zote hazina maana.

Sasa joto. Kampaundi ya paramagnetiki elektroni zake pweke ni kama vijisumaku vidogo ambavyo vinataka kujipanga kufuata sumaku ya nje, ila joto linavitikisa. Sheria ya Curie inasema saseptibiliti, yani kiasi kampaundi inavyoitikia sumaku, ni namba isiyobadilika ugawe kwa joto. Na joto hapa ni la kelvini, yani selsiasi jumlisha 273!! Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoangukia, anaweka selsiasi anapata mvuto unaongezeka maradufu kutoka nyuzi 40 kwenda 20, kitu ambacho hakipo. Kutoka kelvini 313 kwenda 293 ongezeko ni kama asilimia 7 tu.

Chukua ndoo, barafu iliyopondwa, chumvi nyingi ya kawaida, koroga, zamisha kipimajoto mpaka kisome kama −13, hiyo ni kelvini 260. Tumbukiza kichupa kilichozibwa vizuri, subiri dakika 20 ndani yake pote pafike baridi, kitoe, kifute haraka, kiweke kwenye rula, soma. Ukilinganisha na ulichosoma kwenye nyuzi 27, yani kelvini 300, mrututu unatakiwa uvutwe zaidi kwa asilimia 15 hivi, kwa sababu 300 gawanya kwa 260 ni 1.15. Rudia mara tano sita uchukue wastani. Upande wa moto usipite nyuzi 50 na mrututu, ukizidisha unapoteza maji yake, rangi ya bluu inafifia na hapo unapima kampaundi nyingine. Zinki salfeti ipoze pia, utaona haijali, diamagnetiki haitegemei joto.

Ukiwa na namba za kitabu za saseptibiliti ya moli moja, momenti inapatikana hivi: zidisha saseptibiliti kwa kelvini, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 2.828. Mrututu ni 0.00146 kwenye kelvini 293, inatoka 1.85. Sio 1.73 kamili, na sio kosa lako, elektroni inachangia kidogo pia kwa mzunguko wake. Kobalti mbili chanya inazidi sana, ina elektroni tatu pweke lakini mara nyingi inasoma kati ya 4.3 na 5.2 badala ya 3.87.

Ukiwa na joto nyingi tofauti chora grafu ya moja gawanya kwa saseptibiliti, dhidi ya kelvini. Mstari ulionyooka unaopita sifuri ni Curie safi. Ukikata mhimili wa joto upande chanya, vijisumaku vinapenda kuelekea pamoja, ukikata upande hasi vinapenda kupingana. Marekebisho hayo ni ya Pierre Weiss, 1907.

Vinavyopingana ndio antiferomagnetiki, na hapa joto linafanya kinyume kwanza: ukipasha saseptibiliti inapanda, inafika kilele kwenye nukta ya Néel, ndipo inashuka kama kawaida. Oksidi ya manganizi nukta hiyo iko kama kelvini 118, baridi kali, ya nikeli ni kama 525. Ninayoipenda mimi ni oksidi ya kromu, ule unga wa kijani wa rangi, yake ni kelvini 307, nyuzi 34, yani joto la kiganja chako tu linatosha kuvuruga mpangilio wake.

Kuona feromagnetiki (usumaku wenye nguvu kama wa chuma) ikifa, ning'iniza kipande cha waya wa kufungia nondo kivutwe pembeni na sumaku ya spika bila kugusana, alafu pasha waya kwa moto wa gesi. Ukiwa mwekundu sana unaanguka, ukipoa unarudi. Usitumie neodimiamu hapa, za kawaida zikipita nyuzi 80 zinaanza kupoteza nguvu na hazirudi.

Na kuna kampaundi za chuma ambazo ukizipasha usumaku unaongezeka ghafla. Chuma mbili chanya kina elektroni sita za d, kwenye baridi zinabanana zote na wenza, n ni sifuri, joto likipanda zinatawanyika zinabaki nne pweke. Ile ambayo ioni ya chuma imeshikwa na fenantrolini mbili na thiosayanati mbili inageuka kwenye kelvini 176. Nyingine yenye triazoli inageuka juu ya nyuzi 100, na unaona kwa macho bila mizani yoyote: unga wa zambarau unakuwa mweupe, ukipoa zambarau inarudi.