Umeongeza Kifaa na Kompyuta Uliyoiovakloki Imeanza Kujizima? Anza Hapa

"Fundi, nimeuziwa RAM mbovu mara mbili." Hivyo ndivyo alivyonisalimu kijana mmoja anayehariri video za harusi, akiwa amekumbatia kompyuta yake ya mezani baada ya kupanda nayo ngazi hadi karakana yangu karibu na Luthuli Avenue, Nairobi. Alikuwa na vipande viwili vya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, vya GB 8 kila kimoja, akaongeza viwili vya chapa ileile, na tangu siku hiyo mashine ikawa inajizima na kujiwasha kila alipotoa video ndefu, yaani kuigeuza kazi iliyohaririwa kuwa faili moja kamili. Muuzaji alivipima mbele yake, vikafanya kazi vizuri. Akavirudisha nyumbani, shida ikabaki palepale.

Wote wawili walisema kweli. Dukani vipande vilichomekwa kwenye mashine inayokwenda mwendo wake wa kawaida. Nyumbani vilichomekwa kwenye mashine iliyoovaklokiwa, yaani prosesa na RAM zimesukumwa kupita mwendo uliopangwa na kiwanda. Mashine ya namna hiyo haina akiba. Ukiiongezea mzigo kidogo inaanguka, na lawama inakiangukia kifaa kipya. Kabla hujamrudia muuzaji, fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Okoa kazi yako

Nakili faili zako kwenye diski ya nje, kisha uache kufanya kazi na mashine hiyo. RAM inayokosea huandika makosa kwenye diski bila kukuambia, na video ya harusi ya watu haipigwi mara ya pili. Usikimbilie kuweka Windows upya pia. Ukiiweka wakati kumbukumbu inakosea, hata hiyo Windows mpya itazaliwa na kasoro, na utatafuta ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Hatua ya 2: Rudisha kila kitu kwenye mwendo wa kiwanda

Ingia kwenye BIOS, mipangilio ya bodi mama inayofunguka kabla ya Windows kuwaka. Piga picha kila ukurasa kwa simu, kisha chagua kurudisha mipangilio ya kiwandani. Kitufe hutofautiana kati ya bodi na bodi, lakini huandikwa pembeni au chini ya skrini. Kama mashine haiwaki kabisa, chomoa waya wa umeme, toa betri ndogo ya CR2032 kwenye bodi, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache, subiri dakika tano, kisha uirudishe.

Ukiwa hapo, ipime betri hiyo. Ikiwa mpya ina volti 3. Kwenye mashine nyingi zilizotumika Uingereza kabla ya kufika kwetu, nakuta imekwisha. Kila stima inapopotea mipangilio inafutika na saa inarudi nyuma, na mwenyewe anadhani bodi imekufa.

Zima pia programu yoyote inayoovakloki kadi ya michoro Windows inapowaka, kama MSI Afterburner. BIOS haiwezi kukuzimia hiyo.

Hatua ya 3: Pima kifaa kipya katika mwendo wa kawaida

Kwa RAM, weka MemTest86, programu ya kupima kumbukumbu, kwenye flashi, iwashe kutoka hapo, na uiache imalize mizunguko yote minne. Itachukua saa kadhaa, kwa hiyo ianze usiku. Kosa moja tu linatosha kuwa ugonjwa. Hakuna idadi ya makosa inayovumilika.

Makosa yakitokea, pima kipande kimoja kimoja katika sloti ileile. Kikikosea kimoja peke yake, hicho ni kibovu na una haki ya kukirudisha. Vikipita vyote hapo lakini sloti nyingine ikawa inakosea kila kipande, shughulikia bodi: puliza vumbi, na ulegeze kipoza joto kama kimekazwa upande mmoja kuliko mwingine, kwa sababu kinaweza kuiinua prosesa kidogo kutoka kwenye soketi.

Zikipita saa zote bila kosa, kifaa kipya hakina hatia. Vipande vya yule kijana vilipita vyote vinne.

Hatua ya 4: Rudisha mwendo wa RAM peke yake

Hapa ndipo wengi wanapotea, na ndipo ninapokuomba usome polepole. Profaili ya XMP, au EXPO kwenye mashine mpya za AMD, yaani mipangilio ya mwendo wa juu iliyohifadhiwa ndani ya RAM, ni ovakloki. Watu huiwasha siku ya kwanza wakidhani ni haki ya RAM waliyonunua, kwa kuwa namba imeandikwa kwenye kifuko. Namba hiyo ni ahadi ya mtengenezaji wa RAM. Kidhibiti cha kumbukumbu kimo ndani ya prosesa, na mtengenezaji wa prosesa ana ahadi yake tofauti.

Kijana alikuwa na prosesa ya AMD, Ryzen 5 3600. AMD wanaahidi mwendo wa RAM wa 3200 (MT/s) ukiwa na vipande viwili. Ukijaza sloti nne, ahadi inashuka hadi 2933 kwa vipande vya ranki moja (aghalabu chipu ziko upande mmoja), na 2667 kwa vya ranki mbili (aghalabu pande mbili). Yeye alikuwa ameiweka RAM kwenye mwendo wa 3600. Na vipande viwili ilivumilia. Na vinne ikashindwa, kama ambavyo ningetarajia.

Kwa hiyo acha prosesa katika mwendo wa kiwanda na uwashe profaili ya RAM. Ikianguka, shuka 3200, kisha 2933. Badilisha kiwango cha amri ("command rate" kwenye BIOS) kutoka 1T hadi 2T. Kinapunguza kasi kidogo mno na kinaipa bodi nafasi ya kupumua. Hakikisha RAM ya DDR4 yenye XMP inapata volti 1.35 ikiwa ndizo zilizoandikwa kwenye lebo yake, si 1.2 za kawaida. Kila unapobadilisha kitu kimoja, rudia MemTest86. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kilichokuponya.

Jambo jingine: chapa moja na namba moja kwenye lebo si hakikisho kwamba chipu za ndani ni zilezile. Ukiweza, nunua vipande vyote vinne katika pakiti moja.

Hatua ya 5: Kama ulichoongeza ni kadi ya michoro, chunguza umeme

Sloti ya PCIe, ile inayochomekwa kadi, inatoa wati 75, plagi ya pini sita wati 75, ya pini nane wati 150. Kadi yenye plagi mbili ipe nyaya mbili kutoka kwenye pawa saplai. Usitumie waya mmoja wenye vichwa viwili. Laini ya volti 12 iwe kati ya 11.4 na 12.6. Multimita itakuonyesha ikishuka kwa muda mrefu, lakini mshuko wa kufumba na kufumbua hutauona.

Dalili husaidia. Mashine ikikatika ghafla kama iliyochomolewa, shuku umeme. Ikiganda au kutoa skrini ya buluu yenye msimbo tofauti kila mara, shuku RAM au prosesa. Katika kumbukumbu za matukio za Windows, Kernel-Power 41 inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa. Haithibitishi kwamba pawa saplai ni mbovu. WHEA-Logger ndiyo ya kuisoma kwa makini, maana inataja hitilafu ya vifaa vyenyewe.

Na UPS yako, ile betri ya kushikilia mashine stima ikipotea? Ile ndogo ya VA 650 aghalabu haibebi hata wati 400. Mashine inaweza kufanya kazi vizuri mchana kutwa, halafu stima ikipotea UPS inazidiwa na kukata.

Hatua ya 6: Joto

Kadi mpya inamwaga joto ndani ya kasha lilelile, na prosesa iliyoovaklokiwa inavuta hewa hiyo. Fungua ubavu wa kasha na urudie kazi. Ikitulia, ongeza feni ya kutoa hewa. Nairobi ni baridi kuliko Mombasa, lakini tuko takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na feni ileile inabeba joto zaidi kidogo ikiwa pwani kuliko ikiwa huku.

Hatua ya 7: Prosesa iwe ya mwisho

Panda polepole: Ryzen kwa megahezi 25, Intel kwa 100. Jaribu kwa kazi yako halisi, saa nzima ya kutoa video, pamoja na Prime95, programu ya kuichosha prosesa makusudi. Kwenye Intel za zamani za Sandy Bridge, usiguse saa ya msingi (mapigo yanayoongoza mwendo wa prosesa) ya megahezi 100, kwa sababu inaburuta PCIe na SATA, njia ya diski, pamoja nayo, na diski mpya ndiyo itakayoumia.

Kijana aliondoka na vipande vyote vinne kwenye 2933, 2T, prosesa ikijipandisha yenyewe inavyojua. Video ya saa moja na nusu ilitoka mbele yetu bila kukatika. Nikaandika mipangilio hiyo na tarehe kwenye karatasi, nikaibandika ndani ya ubavu wa kasha. Fanya hivyo na wewe kabla hujafunga skrubu.