Kosa liko batani moja nyuma: namna ninavyocheza Celeste

Nilipofika kileleni mara ya kwanza, gemu ilikuwa imenihesabia vifo 3,112. Sioni haya kuitaja. Celeste, iliyotoka 2018, imetengenezwa hivyo: unamwongoza binti aitwaye Madeline kuupanda mlima, miiba imejaa kila upande, ukiigusa umekufa, na kabla hujamaliza kusonya umesharudishwa mwanzo wa chumba. Huna idadi ya maisha ya kulinda. Kufa ni bure. Kinachokula muda ni kufa mara sitini kwa kosa lile lile bila kulijua.

Kabla ya yote, angalia runinga yako. Wiki nzima nilijilaumu kwamba vidole vyangu vizito: nabonyeza, Madeline anaruka kwa kuchelewa, anatumbukia. Kumbe runinga ndiyo iliyokuwa inaipiga picha msasa kwanza ndipo iioneshe. Nilipoingia kwenye mipangilio ya picha nikawasha hali ya gemu, mashimo yaliyokuwa yananimeza nikayavuka siku hiyo hiyo. Kama yako ina hali hiyo, iwashe sasa.

Halafu pedi, kile kidude cha mkononi cha kuchezea. Kazi kubwa ni tatu tu: kuruka, kufyatuka (yaani kuchomoka ghafla kwa mstari ulionyooka, hata hewani), na kushika ukuta. Kushika nimekuweka kwenye batani ya nyuma, chini ya kidole cha shahada, ili gumba libaki huru kwa kuruka na kufyatuka. Mfyatuko unakwenda pande 8, na hapo kijiti kilikuwa kinanisaliti: nataka juu-kulia, kinanipa kulia tupu. Nikahamia kwenye batani za mishale. Wapo wanaocheza vizuri sana kwa kijiti, sigombani nao.

Ukigusa batani ya kuruka kidogo, anaruka kidogo; ukiishikilia, anakwenda juu zaidi. Jambo hili dogo nitalirudia. Jua pia kwamba gemu ina huruma ya siri. Ukipita ukingo, bado una karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde ya kuruka ukiwa tayari hewani. Ukibonyeza kabla hujatua sawasawa, inakukumbukia na kukurusha ukigusa chini. Kwa hiyo acha woga wa ukingo. Wanaoanza hufa kwa kuruka mapema, si kwa kuchelewa.

Tazama nywele zake. Zikiwa nyekundu, mfyatuko upo. Zikigeuka bluu, umeshautumia, na utarudi ukikanyaga chini au ukigusa kito cha kijani kinachoelea. Ukutani nako kuna nguvu inayokwisha: akianza kumetameta mwekundu, mikono inakaribia kuachia. Kuparamia kwenda juu kunaila, na kuruka wima huku umeushika ukuta kunaila kwa pupa. Lakini kurukia upande wa pili bila kushika hakuili kabisa. Kwenye korongo jembamba, rukaruka kati ya kuta mbili uihifadhi.

Sasa chumba kilichonifundisha. Kulikuwa na ukuta kushoto, pengo pana, kito kimoja cha kijani hewani, kisha kidirisha kati ya miiba ya juu na ya chini. Unaruka kutoka ukutani, unafyatuka kukifuata kito, unafyatuka tena juu-kulia kupenya kidirishani. Nilikufa pale dirishani karibu mara sitini, kila mara kwenye miiba ya chini. Nikahangaika na mfyatuko wa mwisho: niubonyeze mapema, nichelewe kidogo, nibadilishe upande. Wapi.

Mwishowe nikakirekodi kioo kwa simu nikatazama polepole. Mfyatuko wa mwisho haukuwa na kosa lolote. Mruko wa kwanza kabisa nilikuwa naugusa tu badala ya kuushikilia, kwa hiyo nilikuwa nakifikia kito nikiwa chini kwa nusu ya kimo cha Madeline. Mfyatuko wa mshazari haukusahihishii hilo. Ukianza chini kwa nusu kimo, unafika chini kwa nusu kimo. Ndiyo maana miiba ilikuwa ile ile kila mara.

Tangu hapo nikifa mara tano mahali pamoja, siangalii tena pale ninapofia. Nasoma chumba kutoka mwisho kuja mwanzo. Ili nipenye, lazima niwe wapi ninapofyatuka? Kitu gani kinanifikisha hapo? Nikishapata jibu nafanya mazoezi ya hatua ya kwanza peke yake, nafika nilipotaka kufika, kisha najiachia nife makusudi. Narudia mpaka nifike pale pale kila mara, ndipo naongeza hatua ya pili. Na ninatamka kwa sauti: ruka-aaa, kulia, juu-kulia. Hiyo “aaa” ni ya kushikilia batani. Wa nyumbani wamezoea.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia: miiba inaua unapoiendea, si unapokwenda upande ncha zake zinakoelekea. Miiba iliyosimama sakafuni haikuui ukiwa unapaa. Kuna njia nyingi niliziona zimeziba kumbe ziko wazi.

Stroberi, zile za kukusanya njiani, ziache kwanza. Hazikuongezei nguvu yoyote, na nyingi zimewekwa pabaya makusudi.

Ukikwama kabisa, washa hali ya usaidizi, inayokuruhusu kupunguza kasi ya gemu kwa asilimia kumi kumi hadi ibaki 50. Mimi nilishusha hadi 70, nikauona mpangilio, nikapandisha 80, 90, kisha kamili. Atakayekuambia ni udanganyifu, mwache na pedi yake.

Kuna ishara moja ya kuacha. Nikianza kufa kwenye mruko wa kwanza, ule nilioupita mara hamsini, naizima gemu hata kama nimekaribia. Usiku ule wa kidirisha nilishalijua kosa, lakini vidole viligoma. Nilikipita asubuhi, jaribio la tatu, kabla hata sijakaa vizuri.