Puto la tumboni: linavyofanya kazi na namna ya kuishi nalo

Puto la tumboni, linalowekwa kusaidia kupunguza uzito, halichomi mafuta wala halizuii chakula kufyonzwa. Kazi yake ni kujaza nafasi tumboni na kuchelewesha chakula kushuka kwenye utumbo mwembamba. Ukuta wa tumbo ukitanuka, neva huuarifu ubongo kwamba umeshiba, ingawa umekula kidogo.

Daktari hutanguliza kamera ya endoskopi, mrija mwembamba unaopitishwa mdomoni ili kuona ndani ya tumbo. Akikuta kidonda, au tumbo limepanda sana kifuani, kazi inaishia hapo. Kukiwa salama, puto la silikoni hupitishwa mdomoni likiwa limekunjwa, kisha hujazwa maji ya chumvi, mara nyingi mililita 400 hadi 700, yaliyotiwa rangi ya bluu.

Siku 3 hadi 5 za mwanzo ni ngumu, maana tumbo linajaribu kulisukuma nje. Kunywa dawa ya kichefuchefu kwa saa zake, usingoje utapike kwanza. Maji yanywe kwa funda dogo dogo kutwa nzima. Ukishindwa kubakiza hata maji kwa siku nzima, nenda hospitali: potasiamu hushuka na figo huumia.

Anza na vyakula vya majimaji kwa wiki 1 au 2, kisha vilaini, halafu vigumu. Tafuna sana, tangulizia protini, na usilale hadi zipite saa 2 au 3 baada ya kula. Jambo linalowaangusha wengi ni sukari ya kunywa: soda, juisi na aiskrimu hupita kando ya puto bila kushibisha, na uzito haupungui.

Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, au ya jamii yake uliyoandikiwa, ni ya kila siku hadi puto litoke. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini usiziguse bila ruhusa ya daktari, kwani puto linagusa ukuta wa tumbo na kidonda hutokea kwa urahisi.

Mkojo ukigeuka kijani au bluu, puto linavuja. Nenda siku hiyo hiyo, hata kama huna maumivu, maana likisinyaa linaweza kuteremka na kuziba utumbo. Maumivu makali yanayochoma hadi mgongoni nayo yasisubiri. Huenda kongosho limevimba.

Aina nyingi hutolewa baada ya miezi 6, nyingine 12. Usiongeze muda, kwa sababu asidi huidhoofisha silikoni. Kabla ya kutolewa, kunywa vya majimaji tu kwa siku 1 au 2, kisha funga kwa saa ulizoelekezwa. Chakula hukaa tumboni muda mrefu kukiwa na puto, na ukiwa umelazwa usingizi kinaweza kuingia kwenye mapafu.