Ukumbi wa harusi umekwama: namna ya kudai fedha au tarehe nyingine

Naandika somo hili kwa sababu swali hili huletwa kila msimu wa harusi, na karibu kila mara huletwa likiwa limechelewa: ukumbi umeshindikana, michango ya ndugu imeshalipwa, na mwenye ukumbi anashikilia kwamba fedha hazirudi. Tafadhali lisome lote kabla ya kuuliza. Ninayoyaeleza yanatokana na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayotumika Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake.

Hatua ya 1. Kusanya mkataba, risiti za EFD, ujumbe wa malipo ya simu na mazungumzo yote ya WhatsApp.

Hatua ya 2. Tambua nani amesababisha, kwa kuwa haki zako zote zinaanzia hapo. Mwenye ukumbi akiwa ndiye aliyeshindwa, kwa mfano amewapa wengine siku yenu au ukarabati wake haujakamilika, amevunja mkataba, na kifungu cha 73 kinakupa haki ya kulipwa fidia ya hasara iliyotokana na kuvunjwa huko. Mkijitoa ninyi, yeye ndiye mwenye dai, ila kifungu cha 74 kinamruhusu kupata fidia ya kadiri tu, isiyozidi kiasi kilichotajwa mkatabani. Ikiwa hakuna wa kulaumiwa, kama ilivyokuwa Dar es Salaam ilipotangazwa amri ya kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili jioni tarehe 29 Oktoba 2025, basi kwa sherehe za usiku zilizoangukia ndani ya amri ile mkataba ulikuwa hautekelezeki, na kifungu cha 56 kinaufanya kuwa batili. Hapo watu wengi huishia, wakidhani kwamba mkataba ukifa na fedha zimekufa nao. Sivyo. Kifungu cha 65 kinamtaka aliyepokea manufaa chini ya mkataba uliogeuka batili ayarejeshe au ayafidie.

Hatua ya 3. Soma kama mkataba wenu una kipengele cha majanga. Kikiwepo, anzeni nacho, kwa sababu ndiyo makubaliano yenu wenyewe.

Hatua ya 4. Msikubali tarehe mpya kabla masharti yake hayajaandikwa. Kamati moja niliyokuwa katibu wake iliumia hapa, na ndiyo maana ninalirefusha jambo hili. Mwenye ukumbi alipiga simu akiwa mpole sana, akasema "tutawapa Jumamosi nyingine", nasi tukajibu kwa neno moja, "Sawa". Tarehe mpya ilipokaribia tukaambiwa kwamba bei imepanda, kwamba viti na mapambo ya meza kuu havimo tena, na kwamba tukikataa tutahesabiwa kuwa sisi ndio tuliojitoa. Kisheria, wahusika wakikubaliana kuweka mkataba mpya mahali pa ule wa zamani, kifungu cha 62 kinasema wa zamani hauhitaji tena kutekelezwa. Kwa hiyo jibu fupi la simu linaweza kuzika haki ya kurejeshewa fedha bila ninyi kujua. Kabla ya kukubali, andikeni mambo haya na yeye atie saini: bei haibadiliki, fedha zote zilizolipwa zinahamia tarehe mpya, huduma ni zile zile, zikitajwa moja moja, na tarehe mpya nayo ikishindikana kwa upande wake, fedha zitarudishwa zote ndani ya siku zinazotajwa. Ikiwa bado mnashauriana na wazazi, jibuni hivi: "Tumepokea pendekezo lenu, hatujalikubali wala hatujaacha dai letu la fedha." Kumbukeni kwamba yeye aliyevunja mkataba hana haki ya kuwalazimisha kupokea tarehe nyingine badala ya fedha.

Hatua ya 5. Pelekeni barua ya madai yenye kiasi, sababu na siku ya mwisho ya kulipa, na mbaki na nakala iliyosainiwa na aliyeipokea.

Hatua ya 6. Akikaa kimya, nendeni Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza madai ya fedha yatokanayo na mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30. Mdai awe yule ambaye jina lake limo kwenye mkataba. "Kamati ya Harusi" si mtu mbele ya sheria.

Maswali ya wanachama

Mdau wa Mbagala: Kwa hiyo fedha inarudi au hairudi? Nina haraka, sijasoma yote.

Jibu: Soma hatua ya 2, kisha ulete sababu ya kukwama na maneno ya mkataba wako. Bila hayo nitakuwa ninabahatisha na fedha za watu.

Mweka hazina, Tabata: Shikamoo. Risiti yetu ina muhuri wa "fedha ikishalipwa hairudishwi", lakini wao ndio waliotoa ukumbi kwa kikao cha kampuni. Muhuri huo unatufunga? Na kadi tulizokwisha kuchapa?

Jibu: Marahaba, na ahsante kwa kuuliza kwa utaratibu. Kwanza, angalieni kama maneno hayo mlionyeshwa kabla ya kulipa. Sharti linalojitokeza kwenye risiti baada ya mapatano kukamilika ni vigumu kusema mlilikubali. Pili, maneno hayo kwa kawaida humhusu mteja anayejitoa. Ni vigumu sana kwa aliyevunja mkataba kuyatumia kujikinga na kosa lake. Kuhusu kadi, kifungu cha 73 kinafidia hasara inayotokana na uvunjaji kwa kawaida ya mambo, au ile ambayo pande zote zilijua tangu mwanzo kwamba inaweza kutokea. Kama mlimwandikia mapema kwamba kadi zinachapwa zikiwa na jina la ukumbi wake, dai lenu lina nguvu zaidi. Kila kamati ingefanya vyema kumtumia mwenye ukumbi ujumbe wa namna hiyo siku ya kusaini. Ujumbe wa simu unapokelewa kama ushahidi chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, basi msiufute.

Dada wa Moshi: Baba yake bwana harusi alifariki, tukaahirisha. Sheria haitulindi?

Jibu: Poleni sana. Ukumbi ulikuwa wazi na ungeweza kutumika, kwa hiyo ni vigumu kusema mkataba haukutekelezeka. Ombeni tarehe nyingine kwa barua. Hata hivyo, ulizeni kama siku ile ukumbi ulikodishwa kwa wengine. Ikiwa ulikodishwa, hasara yake imepungua, na hana sababu ya kushika fedha zote.

Mdau wa Mbagala: Mimi nilimlipa dalali kwenye namba yake, ukumbi wanasema hawanitambui. Somo lako halisaidii.

Jibu: Somo linawahusu waliolipa ukumbi. Wewe una dai dhidi ya dalali, labda uthibitishe kwamba ukumbi ndio uliomtuma kupokea. Wengine, hakikisheni jina linalotokea kwenye lipa namba ni lile lile lililo kwenye mkataba.

Mwanachama, Mombasa: Huku Kenya vifungu hivi vinatumika?

Jibu: Hapana, namba hizi ni za Tanzania Bara. Kwenu kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya na kutakiwa kutoa hukumu ndani ya siku 60. Tahadhari ya hatua ya 4 izingatieni na huko.

MC wa Mwanza: Ukumbi ulifunguliwa, ila umeme ulikatika na jenereta waliyoiahidi haikuwaka. Sherehe ilimalizika kwa taa za simu.

Jibu: Hilo ni dai la kupunguziwa, si la kurejeshewa zote, kwa kuwa sehemu ya huduma mliipata. Linahitaji ushahidi wa usiku ule ule: saa umeme ulipokatika na uliporudi, picha ya jenereta, na karatasi yenye saini ya meneja akikiri kwamba haikuwaka. Mwombeni asaini kabla malipo ya mwisho hayajatolewa.