Somo: Kucheza gofu peke yako, kisha kuunganishwa na wageni, kwa mchezaji mwenye hofu

Mchezaji mwenye hofu hudhani wenzake watamcheka kwa mikwaju mibovu. Watu wa handikapu 8 (handikapu ni kipimo cha ujuzi, ndogo ndiyo bora) wameshaona mipira ikipotelea vichakani mara nyingi mno, na mingine ilikuwa yao wenyewe. Kinachowakera ni kusubiri, kukanyagiwa njia ya mpira kwenye grini (nyasi fupi zinazozunguka shimo), na kusikiliza "samahani" kumi na mbili katika shimo moja. Kwa hiyo hapa hatutasema mengi kuhusu kuzungusha fimbo. Hilo ni la mwalimu wako. Hapa ni mwendo, mahali pa kusimama na la kusema.

1. Anza peke yako, lakini kwa mpango

Raundi tatu au nne za mashimo 9 zinatosha. Piga simu klabuni kwanza. Jumamosi, na mara nyingi Jumapili asubuhi, huwa ni za mashindano ya wanachama, na mgeni wa peke yake hupata nafasi mchana au hapati kabisa. Jumanne hadi Alhamisi kuna utulivu. Jumatatu uliza, maana klabu kadhaa hufunga uwanja kwa matengenezo.

Jua letu la Afrika Mashariki huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima. Mtu mmoja anayetembea bila kundi mbele yake humaliza mashimo 9 kwa saa moja na nusu hivi. Ukianza saa kumi jioni unamaliza mwanga ukiwepo. Ukianza saa kumi na moja na nusu, mashimo ya mwisho utayacheza kwa kubahatisha.

Kedi (mbeba mkoba wa fimbo) mchukue, hata pale klabu isipokulazimisha. Atakuonyesha tii inayofuata (mahali pa kuanzia shimo) iko wapi, na mchezaji mgeni hupoteza dakika nyingi hapo kuliko kwenye mikwaju yenyewe. Malipo yaulize kwa msimamizi wa makedi kabla ya kuanza, si baada ya shimo la mwisho.

Kanuni inaruhusu fimbo 14. Wewe beba sita: hibridi moja (ya mikwaju mirefu), aironi 7, aironi 9 (za kichwa cha chuma), weji ya kawaida, weji ya mchanga (za mikwaju mifupi ya juu) na fimbo ya kusukumia. Fimbo chache, maamuzi machache. Mipira 8 hadi 10 iliyotumika inatosha kwa mashimo 9. Kila mmoja uwekee nukta mbili za kalamu ili usibishane na mtu. Ongeza tii 10 (vijiti vya kuinulia mpira), sarafu, uma mdogo wa kurekebishia grini, kofia na maji lita moja na nusu.

Ukiwa peke yako, jizoeze mambo mawili tu. La kwanza ni muda: kuanzia kutoa fimbo mkobani hadi mpira kuondoka, usizidi sekunde 40, kiwango ambacho kanuni zenyewe zinakipendekeza. Zungusha fimbo kwa majaribio mara moja, basi. La pili ni kuokota mpira. Ukifikisha mara mbili ya paa, yaani mikwaju iliyopangiwa shimo (mikwaju 8 kwenye shimo la paa 4), weka mfukoni, nenda tii inayofuata. Anayeona aibu kuokota mpira ndiye anayesimamisha uwanja mzima.

Ukilifikia kundi lililo mbele, simama waonapo, usiwapigie mpira miguuni. Wakikupungia mkono upite, piga, tembea haraka, na mpira ukipotea usiutafute hata kidogo: angusha mwingine mbele. Kwa kawaida upitaji huu hufanyika kwenye shimo la paa 3, na hapo ndipo mwoga hushikwa na mtetemeko kwa kuwa watu wanne wanamtazama. Chukua fimbo moja kubwa zaidi (inayopeleka mpira mbali zaidi) ya ile uliyoidhania, uzungushe taratibu. Lengo ni kupita. Kufika kwenye grini ni nyongeza.

2. Kuomba kuunganishwa

Sema waziwazi kwenye simu: "Niko peke yangu, bado sina handikapu, naomba kundi la watu wawili au watatu lisilo kwenye mashindano." Sentensi hiyo inamsaidia mpangaji akuweke pazuri. Ukificha, utajikuta kati ya watu watatu wa handikapu ndogo wanaocheza kwa dau.

Fika dakika 45 kabla. Shati lenye kola, lichomekewe, suruali isiyo jinzi, viatu visivyo na misumari ya chuma. Klabu za gymkhana hazina mzaha na mavazi. Piga mipira 20 tu ya kupasha mwili, kisha dakika kumi kwenye grini ya mazoezi ukisukuma kutoka hatua kumi, bila kujali shimo, ili ujue kasi ya nyasi za siku hiyo.

Kwenye tii ya kwanza wasalimie, taja jina, sema mpira wako ni namba ngapi na una alama gani, kisha: "Bado najifunza. Nikifikisha mikwaju minane nitaokota." Baada ya hapo usijieleze tena. Kuna wanaohadithia maumivu ya mgongo hadi shimo la tano.

3. Mkwaju wa kwanza

Hofu hukaza vidole. Vidole vikikaza, viganja na mabega navyo hukaza, fimbo hushuka mapema, na mpira ama huchapwa kichwani ukatambaa au hukatwa kulia. Kwa hiyo tibu vidole kwanza.

Acha draiva, ile fimbo ndefu kuliko zote. Tumia hibridi au aironi 7, mpira juu ya tii iliyotokeza nusu sentimita tu. Simama nyuma ya mpira, chagua jani au alama iliyo hatua moja mbele kwenye mstari unaotaka. Kaza mkono kwa nguvu zote sekunde mbili, kisha legeza hadi uhisi uzito wa kichwa cha fimbo. Toa pumzi yote. Ingia, tazama mlengo mara moja, piga kwa hesabu ya polepole: "moja" ukipandisha, "mbili" ukishusha.

Aironi 7 ikienda mita 110 katikati ya feawei (njia ya nyasi zilizokatwa kati ya tii na grini), hakuna atakayekumbuka kwamba hukupiga draiva. Mpira ukielekea watu, paza sauti "Foo!" papo hapo. Hilo halina aibu, na kulinyamazia ndiyo kosa kubwa kuliko yote uwanjani.

4. Katikati ya shimo

Kundi la watu wanne humaliza mashimo 18 kwa takriban saa nne na robo, yaani dakika 14 hivi kwa shimo. Utaratibu wa zamani ni kwamba aliye mbali na shimo ndiye apige. Siku hizi kwenye michezo ya kawaida, aliye tayari ndiye apige, mradi hakuna hatari. Tembea moja kwa moja kwenye mpira wako huku ukiwaza fimbo. Usimsindikize kila mtu kwenye mpira wake.

Mwenzako akipiga, simama upande wa kifua chake, hatua nne au tano, bila kusogea. Nyuma ya mgongo wake na kwenye mstari wa mpira, hapana. Simu izimwe sauti.

Muda wa kutafuta mpira ni dakika 3 tangu mwaka 2019; zamani ilikuwa 5, na wazee wengi bado wana tano kichwani. Ukihisi mpira umepotea au umevuka vigingi vyeupe vya mpaka wa uwanja, tamka "napiga wa akiba" kabla ya kupiga mwingine. Usipotamka, huo wa pili ndio unahesabika.

Bankani (kwenye mtego wa mchanga) ingia upande wa chini ulio karibu na mpira, si kwa kuruka ukingo, kisha lainisha kwa reki nyayo zako zote unapotoka.

5. Kwenye grini

Hapa ndipo mgeni hugunduliwa. Mkoba uuache upande wa kutokea kuelekea tii inayofuata, usiwe mbele ya grini. Weka sarafu nyuma ya mpira kabla ya kuuokota. Kati ya kila mpira na shimo kuna mstari usioonekana. Uzunguke au uruke. Saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni vivuli ni virefu, kwa hiyo angalia chako kisilale juu ya shimo.

Kishimo kilichoachwa na mpira ulipotua kirekebishe kwa kusukuma kingo kuelekea katikati, kisha gandamiza kwa fimbo. Wengi huchomeka uma na kuinua udongo kutoka chini. Hiyo hukata mizizi, na siku chache baadaye panabaki doa la kahawia.

Bendera inaweza kubaki shimoni hata ukisukuma ukiwa kwenye grini. Adhabu ya zamani iliondolewa 2019. Uliza wenzako wanapendaje. Wote wakimaliza, ondokeni. Alama ziandikwe kwenye tii inayofuata, msisimame hapo mkihesabu vidole.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, Morogoro: Mkuu, asante kwa somo. Alama ninazopata nikicheza peke yangu zinaingia kwenye handikapu?

Jibu: Haziingii. Mfumo wa handikapu wa dunia ulioanza 2020 unataka uwe na angalau mtu mmoja anayecheza au kufuatana nawe. Kupata handikapu ya kwanza unahitaji kadi za jumla ya mashimo 54, hata ukizikusanya tisa tisa, na kikomo ni 54.0. Usiogope shimo moja baya: kabla ya kuwa na handikapu, shimo haliandikwi zaidi ya paa jumlisha 5.

Swali, Nakuru: Wenzangu wakitaka tucheze kwa dau nifanyeje? Naona haya kukataa.

Jibu: Kataa kwenye tii ya kwanza, si baada ya mashimo matatu. "Sina handikapu bado, nyinyi endeleeni, mimi nitachangia soda." Mtu asiye na handikapu hawezi kuwekewa dau la haki, na wao wanalijua hilo. Ila wakiwa na dau, uwe mwangalifu zaidi na mistari yao kwenye grini.

Swali, Kampala: Kedi wangu ananifundisha kila mkwaju, mara kichwa, mara goti, hadi nachanganyikiwa. Namwambiaje bila kumkosea heshima?

Jibu: Mwambie mapema, na kwa upole: "Kaka, leo nipe umbali na mlengo tu. Ya mwili niachie." Makedi wengi ni wachezaji wazuri, kwa hiyo baada ya raundi mwombe akuambie jambo moja aliloliona. Moja. Na kwenye mashindano kumbuka kedi wako anaruhusiwa kukushauri, mshindani mwenzako haruhusiwi. Ukimuuliza alitumia fimbo gani, mnajitafutia adhabu.

Swali, Mombasa: Nilipokuwa Nairobi aironi 7 ilienda mita 140. Huku pwani haifiki. Ni hofu?

Jibu: Hofu umeionea hapa, dada. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huenda mbali zaidi kwa asilimia 5 au 6. Zile 140 zako pwani ni kama 132. Chukua fimbo moja kubwa zaidi, usiongeze nguvu.

Swali, Limuru: Pembeni mwa grini fimbo inanasa kwenye majani, mpira unaruka hatua mbili tu. Nikiwa na watu ndiyo mbaya zaidi.

Jibu: Hizo ni nyasi za kikuyu. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na zimetapakaa hadi kwenye viwanja vya California na Australia, ambako nako watu wanalalamika vivyo hivyo. Majani yake manene hushika fimbo. Usijaribu kuviringisha mpira kupitia humo. Chukua weji ya mchanga, mpira katikati ya miguu, shika imara kidogo zaidi ya kawaida, na usisimamishe fimbo baada ya kugusa mpira. Mwoga hupunguza mwendo dakika ya mwisho, na kikuyu haimsamehi.

Swali, Birmingham: Huku hakuna makedi, nabuki mtandaoni kama mtu mmoja kwenye uwanja wa manispaa. Mara mbili wameniunganisha na wazee watatu bila kuniuliza.

Jibu: Hiyo ni kawaida huko, nafasi ya watu wanne ikiwa na mmoja, mpangaji huijaza. Wazee hao ndio kundi bora kwa mwoga: wanapiga mfupi, wanatembea haraka, hawatafuti mpira hadi jioni. Kwa kuwa huna kedi, kigari chako usikipitishe juu ya grini wala kati ya grini na banka iliyo ubavuni mwake. Na ukitaka kubaki peke yako kabisa, buki nafasi ya kwanza ya alfajiri au zile za jioni kiangazi, ambako giza huingia karibu saa nne usiku ya huko, kwa kuhesabu saa Kiswahili.

Swali, Dar: Nimepoteza mpira tii ya kwanza, sikupiga wa akiba, na nyuma kuna kundi linasubiri. Nirudi?

Jibu: Kwenye mashindano, kanuni ya kawaida inakurudisha, ukiongeza mkwaju mmoja wa adhabu. Klabu inaweza kuweka kanuni ya ndani inayokuruhusu kuangusha mpira kwenye feawei, usawa wa pale ulipopotelea, kwa adhabu ya mikwaju miwili. Iangalie nyuma ya kadi. Kwenye mchezo wa kawaida fanya hivyo hivyo bila kuuliza: angusha kutoka usawa wa goti, ongeza miwili, piga.